Chokaa nibakishieni, moshi chukueni

Kila mwaka, kaskazi ikishavuma na ndege zikaanza kutuletea watu wetu walioko Maskati, London na Toronto, nyumba yetu ya Mkunazini, ndani ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, hupata wageni wa aina moja. Ni ndugu, wa damu kabisa, na nawapenda. Wanapanda ngazi mpaka juu kwenye jiko la zamani, wanatazama ukuta uliojaa masizi, wanayatazama mafiga, wanatoa simu. "Msiguse kitu hapa," wanasema, "hii ndiyo Zanzibar yenyewe." Kisha wanashuka hadi ukumbi wa chini ambako lipu inamenyuka na unga mweupe umemwagika sakafuni, na hapo wanakunja uso: "Huku nako mbona hamtii saruji kidogo?"

Wamepindua mambo. Kinachotakiwa kibaki ndicho wanachotaka kukifunika, na kinachotakiwa kiondoke ndicho wanachokipiga picha. Nimechoka kulieleza hili kwenye ngazi, mgeni mmoja mmoja, chai ikipoa. Nimeliandika ili anayeuliza nimpe asome.

Tuanze na chokaa, maana hata sisi wenye nyumba hizi wengi tunaijua ya ndoo ya kupakia ukuta na ya kijungu cha tambuu tu. Sehemu kubwa ya kisiwa chetu ni mwamba wa matumbawe ya kale, yaliyokuwa hai chini ya maji zamani sana. Jiwe hilo likichimbwa na kuvunjwa ndilo linalojaza ukuta, na jiwe hilohilo likichomwa ndilo linalougandisha ukuta. Fundi wa zamani hakuhitaji kwenda mbali. Alichohitaji ni moto, moto mwingi mno.

Tanuu ya chokaa ya huku kwetu haina mlango wala bomba la moshi. Ni duara la magogo yaliyopangwa tabaka juu ya tabaka: minazi iliyokwisha kuzaa, miembe iliyoanguka, chochote kizito kinachoweza kukaa na moto. Katikati huachwa tundu la kuwashia. Juu hupangwa vipande vya mawe, na kazi ya kuvipanga ina wenyewe, kwa sababu vikibanana moto haupiti, na vikiachana joto linapotea. Ukiwashwa, wenye tanuu hawalali. Joto likifika karibu na nyuzi 900, jiwe huiachia hewa ukaa iliyokuwa imefungwa ndani yake. Kilo 100 za jiwe safi hutoka motoni zikiwa kilo 56. Kilo 44 zimepaa angani, mbali na moshi wa magogo yenyewe. Kipande ulichokitia kinatoka na umbo lake lilelile, ila chepesi, na ukikimwagia maji kinafoka mvuke, kinapasuka, kinakuwa unga. Uso wako uweke mbali. Unga huo ukiingia jichoni si mzaha.

Ukishapata unga huo, uongeze maji, uufunike shimoni, uuache. Fundi tuliyemwita sisi alikuwa mzee wa kusini, ngozi ya vidole imekakamaa kwa kazi hiyo. Nilimuamkia, nikamuuliza chokaa ikae shimoni siku ngapi.

"Mwanangu, ukitaka ya kuhesabu siku, nenda dukani kanunue saruji," akanijibu. "Hii unaishika. Ikiwa laini kama samli iliyoganda, imekubali."

Akishaichanganya na mchanga na udongo mwekundu, akaipachika katikati ya mawe, chokaa huanza safari ya kurudi. Huivuta hewani ileile hewa ukaa iliyoiacha tanuuni, kidogo kidogo, kuanzia uso wa ukuta kwenda ndani, mpaka igeuke jiwe tena. Kwa kuta zetu, ambazo nyingi ni nene kupita nusu mita, kazi hiyo huchukua miaka. Aliyejenga nyumba ya bibi yangu alihama dunia kabla ukuta wake haujamaliza kukauka, na sidhani kama lilimsumbua.

Watu wanapenda kusema ukuta wa chokaa "unapumua". Neno zuri, lakini limekaa kishairi, na wenye kuuza rangi za plastiki nao siku hizi wanalitumia. Jambo lenyewe ni la maji. Mji Mkongwe umekaa ufukweni, maji ya chini ya ardhi yako karibu na yana chumvi. Jiwe la matumbawe limejaa vitundu, huyanywa maji hayo kutoka msingini na kuyapandisha. Ukuta uliopigwa lipu ya chokaa huyaachia maji yatoke njiani, uso mzima, kila siku yenye jua na upepo. Maji yakitoka, chumvi inabaki juu ya lipu, inaganda, inaisukuma, lipu inamomonyoka. Ule unga mweupe unaowakera wageni wangu ndio huo. Lipu ya chokaa imewekwa iharibike. Baada ya miaka inakwanguliwa, inapigwa nyingine, na jiwe la ndani halijaguswa.

Sasa itie saruji. Saruji ya leo huchomwa kwa joto la nyuzi 1,450 hivi na ikikauka ni ngumu kuliko jiwe letu. Maji yakipanda yakikuta kibandiko hicho hayarudi chini kwa aibu. Yanaendelea kupanda nyuma yake yakitafuta pa kutokea.

Kwetu ilikuwa hivi. Nilipokuwa skuli, ami yangu aliwaita mafundi wa mjini wakapiga saruji ukumbi wote wa chini, kimo cha kifua, wakaipaka rangi ya mafuta ya kijani. Ukumbi ulipendeza. Majirani walikuja kuuona. Baada ya masika kadhaa, unyevu ukajitokeza juu ya mstari wa kijani, mahali ambapo hapakuwahi kulowa. Wakapandisha saruji. Unyevu nao ukapanda, mpaka ukafika kwenye vichwa vya boriti.

Boriti ndizo zinazobeba nyumba hizi. Ni miti ya mikoko, migumu, mchwa huiogopa, na kwa kawaida haizidi mita tatu hivi, ndiyo maana vyumba vya nyumba za mawe ni vyembamba na virefu, kuanzia Lamu mpaka Kilwa. Zamani zilisafirishwa kwa majahazi hadi Uarabuni kusikoota miti ya namna hiyo. Kenya ilizuia kuzipeleka nje mwaka 1982. Boriti ikikaa pakavu inakuzika wewe na wajukuu wako. Kichwa chake kikizikwa ndani ya ukuta unaolowa mwaka mzima, inaoza pale pasipoonekana. Yule mzee wa kusini alipokwangua lipu akachomeka bisibisi kwenye boriti moja ya ukumbi, iliingia yote mpaka kwenye mpini. Hakusema neno. Aliniangalia, akaenda kwenye ya pili.

Kwa hiyo tulikwangua saruji. Ilitoka na vipande vya mawe, kwa sababu ilikuwa imeyang'ang'ania kuliko yalivyong'ang'aniana yenyewe. Hilo ndilo jibu langu kwa wanaouliza kwa nini tusitie kidogo tu. Kwa nyumba ya matofali ya saruji iliyoko Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, saruji ni sawasawa kabisa, sina ugomvi nayo. Kwa nyumba ya mawe na udongo na chokaa, ni kumvika mgonjwa wa homa koti la mvua.

Sakafu za juu sitazieleza sana. Hupangwa boriti, juu yake mawe mapana, kisha kokoto na chokaa, halafu watu hujipanga na vipande vya miti wakazipiga na kuimba, siku baada ya siku, mpaka zikaze. Ubaya wake ni kwamba kila paa lilipovuja, fundi aliongeza tabaka juu ya tabaka, na uzito huo wote unazikalia boriti ambazo vichwa vyake nimekwisha kuvieleza. Ukitaka kuona chokaa ikiwa imefanywa pambo, nenda Kidichi kwenye hamamu (nyumba ya kuogea) ya Sultani Seyyid Said ya mwaka 1850, uangalie maua na mitende iliyochongwa kutani kwa mkono wa Kiajemi. Au vuka uende Lamu ukaangalie zidaka, vile vishubaka vilivyopangwa ukuta mzima katika nyumba za karne ya 18. Wote hao walifanya kazi na ile samli ya shimoni.

Haya, twende juu sasa, kwenye jiko.

Bibi yangu alipika juu ya paa, chini ya makuti, na baadaye chini ya mabati. Wageni wangu hudhani jiko liliwekwa huko kwa ajili ya mandhari. Liliwekwa huko kwa akili. Moshi na joto vinapanda, basi ukiuwasha moto juu kabisa hakuna chumba kitakachofukizwa. Cheche ikiruka, itaunguza makuti ya jikoni kabla ya kufika kwenye boriti za vyumba vya kulala. Nyumba za zamani za Lamu zina utaratibu huohuo, jiko juu, peke yake. Na wanawake walipata mahali penye upepo ambapo wangeweza kuongea na jirani wa paa la pili bila kuvaa buibui. Kuni zilikuwa za mikarafuu na miembe, na za kuwashia zilikuwa vifuu na makumbi ya nazi. Kwa mambo madogo, kukaanga samaki mmoja au kufukiza udi, ilitosha seredani, lile jiko dogo la makaa. Mkate wa mofa alioka mwenyewe hadi mwisho, na ladha ile sijaipata tena popote. Nakubali.

Lakini nilikuwa mimi niliyetumwa kupuliza moto. Naukumbuka moshi kuliko mkate. Makumbi mabichi wakati wa vuli hayawaki, yanafuka, na jiko liwe wazi au lisiwe wazi, aliyeinamia mafiga anauvuta wote. Macho ya bibi yalikuwa mekundu mwaka mzima. Kikohozi chake tulikuwa tunakijua kutoka barazani, ghorofa mbili chini. Tukidhani ni uzee. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa kupikia majumbani ulihusika na vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Sitasema bibi yangu aliuawa na moshi, hatukuwahi kumpima. Nasema tu kwamba anayeyaita masizi yale urithi hakuwahi kuinama mbele yake akiwa na ndoo ya mchele wa kuoshwa.

Mwaka 2024 Rais Samia alizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034, na mwezi huohuo wa Mei alikuwa mmoja wa wenyeviti wa mkutano wa Paris kuhusu jambo hilo. Nilisikia wazee barazani wakinung'unika kwamba wali wa gesi hauna harufu. Kweli hauna. Wapishi wa wali huo wa kuni hawakuwa barazani siku hiyo kuulizwa.

Na kama hoja ni mila, basi tuitazame mila vizuri. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alijenga hamamu ya watu wote pale inapoitwa leo Hamamni, ikafanya kazi hadi 1920. Humo kuna chokaa kila mahali, na kulikuwa na moto wa kuni mkubwa kuliko wa jikoni kwa bibi. Moto huo uliwekwa chini, ukapasha sakafu na maji, na mtu aliyekaa akioga juu alipata joto bila moshi. Waliojenga walijua kabisa kuutenga moshi na pumzi ya mtu pale mwenye pumzi alipokuwa muungwana aliyelipa kiingilio. Mpishi hakujengewa hivyo. Kumhamishia mpishi mtungi wa gesi hakumvunjii heshima mzee yeyote.

Ila kuna jambo ambalo wanaokuja na majiko mapya hawatuambii, na nyumba ndiyo iliyonifundisha. Moshi ulikuwa na kazi. Uliwafukuza wadudu kwenye makuti na kwenye miti ya paa la jiko, na joto la kila siku liliikausha sehemu ile ya juu hata katikati ya masika. Zaidi ya hayo, kulikuwa na mtu. Mapambazuko na machweo palikuwa na mwanamke juu ya paa ambaye angeona tone la kwanza la mvua likipita, mfereji ulioziba majani, mche wa mtini unaoanza kuota katika ufa. Jiko liliposhuka chini na mtungi wake, hakuna aliyekuwa na haja ya kupanda tena isipokuwa fundi wa dishi la televisheni. Paa lilivuja muda mrefu bila ya mtu kujua, na maji yalishukia ndani ya ukuta yakakutana na yale yanayopanda.

Gesi nayo ina maji yake. Ikiungua hutoa mvuke, na chumba kidogo chenye vigae mpaka darini hulowa jasho. Katika jiko letu jipya tuliweka vigae nyuma ya jiko na sinki tu. Kuta tatu zilizobaki ni chokaa tupu, zinaunywa mvuke usiku na kuutoa mchana. Kaka yangu alizitaka zote ziwe na vigae, kwa usafi. Chokaa ni kali kiasi kwamba kuvu haipendi kukaa juu yake, na tunaipaka upya kila mwaka kabla ya Ramadhani kwa bei ya soda kadhaa. Mjadala haujaisha, lakini kuta hazina vigae.

Sasa kuna swali ambalo mtu mwenye akili ataniuliza: wewe unayepinga kuni jikoni, chokaa yako imechomwa kwa nini? Kwa kuni. Tena nyingi, na zamani hata kwa mikoko, kwa sababu inawaka kwa joto kali. Ghuba ya Chwaka ilikatwa kwa kazi hiyo pamoja na nyingine, na eneo lake likaja kuingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka mwaka 2004. Kisiwani Mafia walichimba hata matumbawe yaliyo hai baharini ili wayachome, hadi sehemu kubwa ya maji yake ilipofanywa hifadhi ya bahari mwaka 1995. Tumbawe hai likivunjwa, samaki wanakosa pa kukaa na mawimbi yanakosa cha kuyazuia. Sitaki chokaa ya namna hiyo kwenye ukuta wangu, na nilimuuliza muuzaji jiwe lake linatoka wapi kabla sijauliza bei.

Hesabu yangu ni hii. Jiko la bibi lilikula kuni kila siku kwa miaka yote ya ndoa yake. Ukuta wake ulikula mara moja ulipojengwa, na kidogo kila unapotengenezwa. Sipendekezi mtu ajenge nyumba mpya ya chokaa Fuoni au Bububu, misitu haitoshi. Nasema nyumba zilizokwisha kusimama, ambazo moto wake uliwaka zamani na hauwezi kurudishwa tanuuni, zitengenezwe kwa kile zilichojengewa. Lipu ya zamani iliyokwanguliwa, ikiwa haina saruji, hutwangwa na kuchekechwa, ikaingia kwenye mchanganyiko mpya mahali pa sehemu ya mchanga. Mawe hayatupwi. Nyumba nzima ya ghorofa mbili, ukiondoa boriti, ilihitaji chokaa mpya chache kuliko nilivyoogopa.

Mafundi wapo, japo si wengi. Lile jengo la Zahanati ya Zamani mbele ya bandari, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887 kwa gharama ya Tharia Topan, mfanyabiashara tajiri wa Kihindi, lilitengenezwa miaka ya 1990 na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni, na linaonesha mkono wa mtu wa hapa unaweza kufanya nini ukipewa nafasi. Mamlaka ya Mji Mkongwe iko tangu 1985, mji wenyewe uko katika orodha ya UNESCO tangu 2000, na vibali vinaombwa hapo; wasiokwenda husema ni usumbufu. Tangu sehemu ya Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu la ufukweni, iporomoke tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili, nasikia mara nyingi zaidi mtu akisema bora avunje ajenge upya. Jengo lile lina mambo yake, na mwenye kuliona kama hukumu juu ya kila nyumba ya mawe anajitafutia sababu.

Jiko la juu tumelisugua masizi, tumelipaka chokaa mara tatu mpaka yakaacha kutoka, na mafiga yamebaki pembeni kwa ajili ya mofa ya siku ya Idi, upepo ukiwa mzuri na mlango ukiwa wazi. Shangazi yangu ndiye aliyepewa ufunguo wa paa, naye hupanda kila alfajiri kuanika nguo hata kama hakuna cha kuanika.

Kwa anayetaka kuanza kwake: subiri kipupwe, usianze na masika mlangoni. Anza na paa na mifereji, kisha ndiyo ushuke kwenye kuta. Saruji ikwanguliwe, ukuta uachwe wazi ukauke kwa miezi, hata kama unaaibisha mbele ya wageni. Lipu mpya ipigwe nyembamba, tabaka kwa tabaka, na kila tabaka lifunikwe gunia bichi lisikaushwe na jua kwa haraka. Rangi ya plastiki usiiruhusu ipite mlangoni. Na kabla ya hayo yote muite fundi wa mabomba, kwa sababu nusu ya unyevu tuliokuwa tukiusingizia bahari ulitoka kwenye choo cha ghorofa ya kwanza.